Namba ya Jioni

"Sabini na tisa," Mzee Mikunjo alisema kwenye simu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mashine, miwani imeshuka mpaka nchani mwa pua, anazisoma tarakimu za kijani kwa sauti ya mzazi anayesoma matokeo ya mwanawe aliyefeli.

"Jana ilikuwa ngapi?" binti yake akauliza.

"Sabini na nane."

"Baba! Imepanda?"

"Imepanda kidogo tu. Lakini maji inatoa, mwanangu, usione hivi. Tangi linajaa asubuhi, linajaa mchana, sasa hivi limejaa tena. Inafanya kazi kama punda."

Nyuma ya sauti ya binti yake zilisikika sauti nyingine nyingi, za watu wanaoomba radhi, kila mmoja kwa mteja wake asiyemwona. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kupokea simu za wateja, kuwauliza watu asiowajua wana shida gani na awasaidie nini. Baba yake alimpata wakati wa mapumziko ya jioni tu, na mapumziko yenyewe yalikuwa ya kumeza chai na kurudi kitini.

"Kengele hiyo, Baba, nakata. Ikifika hamsini niambie. Hamsini, si sitini. Daktari alisema hamsini."

"Hamsini. Nimesikia."

Simu ikakatika. Mzee Mikunjo akabaki amechuchumaa, anaiangalia mashine, nayo inamwangalia. Ilikuwa nyeupe, ndefu kufika kiunoni, na ilikuwa inanguruma kwa adabu, kama mgeni anayejua amekuja kukaa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Shule zilikaribia kufungwa, na likizo nzima binti yake alipangiwa zamu za usiku. Mume hakuwepo, alikwenda zake, na njia aliyopita imeshaota majani. Mtoto wa miaka saba hawezi kuachwa alale na kufuli. Basi palikuwa na mahali pawili tu pa kumpeleka: kwa Babu, upande wa pili wa mji, au kwa bibi mzaa baba, safari ya kutwa nzima. Huyo bibi alishasema waziwazi kwamba safari hii akimpata mjukuu wake hamrudishi. Shule ameshamtafutia na kitanda ameshanunua. Binti hakutaka. Mzee Mikunjo ndiyo kabisa, kulifikiria tu jambo hilo kulimkata maini, maana mjukuu huyo alikuwa mmoja, na duniani hakuwa na mwingine wa kumwita Babu.

Lakini mtoto alikuwa na pumu. Wakati wa mvua zilizopita alilala kwa Babu, na kabla hapajapambazuka kifua kikambana, midomo ikageuka rangi ya majivu, ikabidi akimbizwe hospitali amefungwa kwenye shuka. Daktari akauliza nyumba aliyolala ikoje. Ikaelezwa: chumba na sebule, chini kabisa ya jengo, ukuta wa nyuma unalia maji kila mvua ikinyesha, na nyuma ya kabati ukungu mweusi umejitandaza. Daktari akasema mtoto asikanyage hapo mpaka unyevu wa hewa ushuke hadi asilimia hamsini na ukae hapohapo. Ndipo binti alipojikamua, akanunua mashine ya kukausha hewa, akaituma kwa gari la mizigo. Maelekezo aliyatoa kwa simu, mdomoni ana mkate: "Unachomeka, unabonyeza kitufe cha kijani, tangi likijaa unamwaga. Basi."

Mzee Mikunjo akachomeka, akabonyeza. Namba haikushuka ng'o.

Jioni hiyo shetani alimpitia. Angesema hamsini, nani angejua? Namba iko hapa, binti yuko kule. Angesema tu hamsini, na Jumamosi mtoto angekuwa amekaa kwenye kiti hiki, anapunga miguu. Akalifikiria hilo muda mrefu. Kisha akaikumbuka ile midomo ya rangi ya majivu, akajionea haya, akaenda kulala bila kula.

*

Jina la Mikunjo alipewa na mtaa. Maisha yake yote alikuwa mpiga pasi, kwanza hotelini, kisha hapo nyumbani kwake, na watu walipenda kumtania kwamba kinyozi hajinyoi: mikunjo ya suruali za wenzake anaiweza, ya usoni kwake imemshinda. Naye jibu lake lilikuwa tayari siku zote. "Hii ni ya kiwandani," alisema akijigusa shavu. "Mkiinyoosha mtaharibu nguo."

Meza yake aliiweka mlangoni kabisa, kiasi kwamba mtu akipita barabarani alikuwa hana budi kusalimia. Shikamoo Mzee Mikunjo. Habari za kazi, Mzee Mikunjo. Shati langu bado, Mzee Mikunjo? Yeye aliitikia zote huku mkono unakwenda, na hakuhitaji kuinua kichwa, maana watu aliwajua kwa kola zao. Tangu mkewe afariki, maneno yake yote ya siku nzima yalipitia mlango huo. Ndani hakukuwa na wa kuzungumza naye, na hakuona upungufu, kwa sababu jua likizama alikuwa ameshachoka kuzungumza.

Na mtaani pale mlango ulikuwa na sheria zake. Mlango uliofungwa mchana una maana tatu: mwenyewe kasafiri, mwenyewe mgonjwa, au mwenyewe hataki watu. Anayesafiri huaga. Mgonjwa hugongewa. Wa tatu husengenywa mpaka aufungue.

Kipindi cha mvua ndicho kilichokuwa cha mavuno kwake. Nguo hazikauki nje, basi watu walimletea mbichimbichi, zimekamuliwa tu, pasi yake izimalizie. Chumba kilijaa mvuke na harufu ya sabuni za kila nyumba.

Siku iliyofuata fundi friji wa mtaa wa pili alikuja kuchukua shati lake, akaiona mashine.

"Mzee, hii nini tena?"

"Mashine ya kukausha hewa," Mzee Mikunjo akasema, na kifua kikamjaa. "Binti yangu kaniletea, maana mjukuu anakuja likizo. Inakunywa unyevu wote wa humu ndani."

"Naijua. Inakunywa kweli?"

"Kunywa? Inabugia! Tangi linajaa mara mbili, mara tatu kwa siku."

"Na maji unamwaga wapi?"

"Nimwage?" Mzee Mikunjo akamtazama kama mtu aliyeambiwa atupe chakula. "Maji masafi kama haya? Hebu ona." Akalichomoa tangi, akamimina maji taratibu kwenye tundu la pasi, hakumwaga hata tone. "Ya bomba yanaacha chumvi, yanatia madoa kwenye nguo nyeupe. Haya hayaachi kitu. Tangu nianze kupiga pasi sijapata mvuke wa namna hii." Akabonyeza, na mvuke ukatoka kwa kishindo, ukapanda mpaka darini na kutanda.

Fundi friji akautazama mvuke. Akaitazama mashine. Akageuka akautazama mlango uliokuwa wazi tangu alfajiri, na nje mvua inanyesha. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango asianguke.

"Mzee wangu, unatwanga maji kwenye kinu! Mashine inayavuta hewani, wewe unayatia kwenye pasi, pasi inayarudisha hewani, mashine inayavuta tena. Maji ni yaleyale tangu ulipoichomeka! Na mlango huo umeuacha wazi, unataka kuikausha dunia nzima?"

Mzee Mikunjo akacheka naye, maana ukichekwa nyumbani kwako ni heri ucheke na wewe. Lakini masikio yalikuwa yanamwaka moto. Akakumbuka jinsi alivyokuwa akimpigia binti yake hesabu za matangi, akijisifu.

"Friji ukiiacha mlango wazi inapoza nini?" fundi akauliza, akijifuta machozi.

"Haipozi kitu."

"Basi na hii ni dada yake. Funga mlango, funga madirisha, ziba hata hapo chini kwa tambara. Na pasi uiweke kando. Mtaa mzima wanakuletea nguo mbichi, wanaondoka na nguo kavu. Maji yao wameyaacha wapi kama si humu kwako?"

Mzee Mikunjo akaiweka pasi chini. Hilo hakulitegemea. "Nisipige pasi mpaka lini?"

"Mpaka mjukuu aje, akae, aondoke." Fundi friji akachukua shati lake, akalikung'uta, akaondoka. Mbele kidogo alisikika akimsimulia mtu, na huyo mtu naye akaangua kicheko.

*

Nguo zote alizirudisha mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Kila mmoja alimwambia anapumzika kidogo. Sababu hakuitaja. Angesemaje? Kwamba nyumba yake ilitaka kumwua mtoto? Watu wakasema haya, pumzika Mzee, umri nao, wakapokea nguo zao.

Kisha akalikabili kabati. Lilikuwa la mkewe, zito, na lilikuwa halijasogezwa tangu walipoliingiza wakiwa wawili. Akalisukuma kwa bega, likagoma. Akatoa nguo, akatoa droo, akalisukuma tena likasogea kwa kupiga kelele. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi. Akajifunga kitambaa puani, akasugua kwa dawa ya madoa aliyoitumia kwenye mashuka ya hoteli, akasugua mpaka vidole vikachunika, akafuta, akasugua tena. Meza ya pasi akaitoa mlangoni akaiegemeza ukutani. Taulo kuukuu akalikunja vizuri, kwa mikunjo minne iliyonyooka, akaziba nalo chini ya mlango.

Namba ikaanza kushuka.

"Sabini na mbili," akasema jioni ya kwanza.

"Ee, inashuka!" binti akasema. "Ulifanya nini?"

"Nimeelewa inavyotumiwa."

"Safi sana, Baba. Endelea hivyohivyo. Nakata."

Jioni nyingine ikawa sitini na nane. Jioni nyingine sitini na nne. "Safi, Baba. Nakata." Binti alifurahi kweli, na Mzee Mikunjo alifurahi kwa furaha yake. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze shuka lake halikuwa na ubaridi ule wa kunata alipojilaza, na ukuta ulikoma kulia. Mgala muue na haki yake mpe: mashine ilikuwa inafanya kazi.

Mchana alikaa kwenye kiti, ameuelekea mlango. Alivaa viatu. Kwa hesabu ya mtaa, mlango uliofungwa siku moja, watu hufikiri umelala. Ukifungwa siku mbili, huulizana. Siku ya tatu mtu hugonga. Yeye mwenyewe aliwahi kugonga milango ya watu namna hiyo, na mmoja wao alimkuta ameanguka bafuni. Basi akajiandaa. Akaweka vikombe viwili mezani na chupa ya chai. Hata maneno aliyapanga: "Siumwi, jamani! Nakausha nyumba, mjukuu anakuja. Karibu, karibu, lakini funga mlango upesi." Hapo kwenye "upesi" alikuwa ameweka na kicheko kidogo.

Miguu ilipita. Aliijua: huyu anavuta kandambili, huyu ana fimbo, huyu anakimbilia kazini. Kila ilipokaribia aliinuka nusu. Kila ilipopita akakaa. Siku ya tatu ikapita, chai ikapoa kwenye chupa, akainywa yeye mwenyewe kwa kikombe kimoja.

Siku ya nne akasikia, kutoka ng'ambo ya barabara, sauti ya Mama Mapacha ikiita watu: "Karibu mpenzi, pasi imeshapata moto!" Kumbe Mama Mapacha ameweka meza. Mzee Mikunjo hakumwonea kijicho. Riziki haina mwenyewe, na yule mama ana watoto wawili wa kulisha. Kilichomchoma kilikuwa kingine. Alizisikia salamu. Shikamoo, Mama Mapacha. Habari za kazi, Mama Mapacha. Shati langu bado? Zilikuwa zilezile, kwa sauti zilezile, kwa haraka ileile. Miaka yote alidhani watu wanamfuata yeye, nguo ni sababu tu. Kumbe walikuwa wanazileta nguo, na salamu ilikuja nazo, kama kifungo kinavyokuja na shati.

Akakaa na neno hilo mchana kutwa, likamuuma kama jino.

Hodi ikaja siku iliyofuata. Mzee Mikunjo aliinuka kwa pupa mpaka goti likagonga meza, kikombe kikaviringika. Akajipangusa kola, akafungua. Alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, mwavuli mkononi.

"Mzee Mikunjo, suruali yangu ya kijivu."

Masikini, aliisahau! Ilikuwa imening'inia nyuma ya mlango wa chumbani. "Karibu ndani, Mwalimu. Karibu, pita."

"Nina haraka. Umeinyoosha?"

"Bado. Nimesimamisha kazi kidogo, unajua, nyumba hii—"

"Nipe hivyohivyo, nitaipitisha kwa Mama Mapacha."

Akaenda kuileta. Alipompa, mwalimu akachungulia ndani kwa juujuu. "Mbona umejifungia? Unaumwa?"

"Hapana. Siumwi."

"Haya, vizuri," mwalimu akasema, na neno la pili alilisema akiwa ameshageuka.

Maneno aliyoyapanga Mzee Mikunjo yalibaki mdomoni, pamoja na kile kicheko. Akasimama mlangoni akiangalia mwavuli unavyokwenda. Alisimama muda wa kutosha, kwa sababu aliporudi ndani namba ilikuwa imepanda tena juu ya sitini. Akalirudisha taulo mahali pake.

Asubuhi ya pili yake, alipoamka, aliiambia mashine: "Umelalaje?"

Hakukusudia. Lilimtoka. Akatazama huku na huku kana kwamba kuna mtu amemsikia. Mashine ikanguruma. Basi kesho yake akaisalimia tena, safari hii kwa kukusudia, na mchana akaihadithia kidogo habari ya hoteli, na meneja mmoja aliyekuwa akivaa soksi zilizopigwa pasi. Alipolimwaga tangi akaliambia pole.

*

"Hamsini," akasema jioni moja.

"Kweli, Baba?"

"Tangu asubuhi. Nimeilinda kama maziwa jikoni, haijapanda."

"Uniapie."

"Naapa kwa kaburi la mama yako."

Binti akavuta pumzi kwa nguvu. "Jumamosi namleta. Baba, hujui umeniokoa kiasi gani. Yule bibi alishanipigia mara ngapi sijui. Jumamosi!" Akakata, na kwa mara ya kwanza hakusema kwamba anakata.

Jumamosi walifika kwenye mvua. Binti aliingia akanusa hewa, akaupapasa ukuta wa nyuma ya kabati kwa kiganja, akainama kusoma namba: arobaini na tisa. "Kama si nyumba ileile," akasema, na macho yakamlengalenga. Alikonda, baba yake akaona. Alitaka kumwambia akae, anywe chai, lakini teksi ilikuwa inamsubiri na usiku huo huo zamu inaanza. Akaacha begi la nguo, dawa ya kuvuta, maelekezo, akambusu mtoto, akatoka. Meza ya pasi iliyoegemezwa ukutani alipita karibu nayo bila kuiona.

"Shikamoo Babu," mtoto akasema.

"Marahaba, Bibi Mdogo." Hivyo ndivyo alivyomwita, kwa utani wao. "Umekuja kumpikia mumeo?"

"Sijui kupika."

"Basi nimepata hasara."

Mtoto akacheka, akaizunguka mashine, akaigusa, akauliza maswali yake yote. Kisha akatazama sebuleni. Safari iliyopita alishinda mvunguni mwa meza ya pasi, akiokota vifungo na kukisia watu kwa miguu yao, na watu waliinama kumsalimia huko chini, wengine wakamletea pipi.

"Babu, watu wako wapi?"

"Mvua hii, mjukuu wangu. Watu wako majumbani kwao."

Mtoto akasikiliza. Nje miguu ilikuwa inapita.

Usiku alilala fofofo, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka bila mluzi. Mzee Mikunjo alikaa akimsikiliza, na furaha aliyoipata hakuwahi kuipata kwa miaka. Dawa ya kuvuta haikuguswa usiku ule, wala uliofuata. Na asubuhi Babu aliongea. Aliongea akikoroga uji, aliongea akifua, alimsimulia mtoto habari za hoteli, za mashuka, za Bibi yake alivyokuwa akiimba vibaya; akimaliza hadithi akaianza nyingine kabla ya kuvuta pumzi, kama mtu anayekula baada ya kufunga siku nyingi. Mtoto alisikiliza kwa adabu. Mchana alisimama dirishani, akaweka kidole kwenye kioo.

Jioni ya tatu simu ikalia.

"Ngapi?" binti akauliza.

"Arobaini na nane. Na hajakohoa hata mara moja."

"Asante Mungu. Nipe niongee naye, Baba, mara moja tu."

Akampa mtoto simu, mwenyewe akaenda kuosha sahani. Mtoto wa miaka saba akiongea na simu huongea na mtaa mzima, kwa hiyo alisikia yote bila kutaka.

"Sikohoi, Mama... Viazi... Ndiyo, nimepiga mswaki... Hapana, sijacheza na mtu. Hakuna mtu hapa." Kimya. "Hawaji. Mlango umefungwa. Babu anaongea na mashine." Kimya kingine. "Kweli! Anaiamkia. Asubuhi anaiuliza imelalaje."

Mzee Mikunjo alifunga bomba. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na sahani zake. Miaka yote ile, mbele ya mtaa mzima, hakuna aliyewahi kumwona na shati lililokunjamana, na sasa mtoto mdogo amemvua nguo kwa maneno mawili.

"Babu, Mama anakutaka."

Akajifuta mikono, akafuta tena, akaipokea simu. "Huyo usimsikilize," akasema kwa kuchangamka. "Ananitania. Namba iko palepale, arobaini na nane."

"Baba, sijauliza namba."

Zile sauti za ofisini hazikuwepo tena. Ilionekana amesogea mahali pengine, penye mwangwi.

"Wateja wako wako wapi?" binti akauliza.

"Wako kwa Mama Mapacha. Pasi ilikuwa inaleta mvuke."

"Umeacha kazi?"

"Nimeisimamisha tu."

"Na mlango umefungwa tangu lini?"

"Mashine haifanyi kazi mlango ukiwa wazi, mwanangu. Hukuniambia, lakini ndivyo ilivyo. Ni dada yake friji."

Binti hakucheka. "Na majirani? Hakuna aliyekuja kukutazama?"

Alikuwa na jibu la utani, alikuwa nalo siku zote. Alilitafuta, hakuliona. Mtoto alikuwa amekaa kitandani anamwangalia.

"Nilidhani watagonga," akasema. "Siku za mwanzo nilikaa nimevaa viatu. Nikaweka vikombe viwili. Hakuna aliyegonga. Mmoja alikuja, alifuata suruali yake." Akaitazama mashine. "Upweke ni kitu kibaya, mwanangu. Sikujua. Nilidhani nina watu."

"Mbona hukuniambia?" Sauti ya binti ilikuwa inapasuka. "Tumeongea kila jioni! Kila jioni, Baba, hakuna hata jioni moja iliyopita!"

"Ni kweli, kila jioni," Mzee Mikunjo akasema taratibu. Hakuwa na hasira, na hakutaka ionekane anayo. "Lakini ulikuwa unauliza namba. Nami nilikuwa nakupa namba."

Kule kazini kengele ya kuanza zamu ikalia, na mtu akaliita jina la binti yake, akaliita tena. Mzee Mikunjo alishazoea. Simu alishaanza kuitoa sikioni.

"Usikate," binti akasema.

"Wanakuita, mama. Nenda."

"Waache waniite. Usikate, Baba. Niambie leo umeshindaje."

Mzee Mikunjo akaketi kitandani kando ya mjukuu wake, akaihamishia simu sikio la pili, lile linalosikia vizuri.

"Leo," akaanza. "Leo niliamka mapema."